Vumbi Mbele ya Nyota

Jumanne, 2 Septemba
Nimefundisha vipindi viwili vya fizikia, kisha nikakaa kwenye kompyuta. Kazi ileile ya shahada: napima mwanga wa nyota zilizolipuka, kwa picha anazonitumia Dakta, msimamizi wangu chuoni. Nyota za aina hii zikilipuka huwaka kwa nguvu karibu sawa. Inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Ya leo ni hafifu mno, iko mbali kuliko hesabu inavyoruhusu. Labda nishati ya giza, ile inayotanua ulimwengu, haiko kama tunavyodhani. Labda nimeona kitu! Nimempigia mama, kijijini Myamba, kabla hata ya kumwandikia Dakta. Kiherehere.

Ijumaa, 5 Septemba
Dakta kauliza: umeondoa athari ya vumbi? Nimejibu ndiyo. Sikuangalia kwanza. Mama keshamwambia mchungaji. Jumapili nafanyiwa shukrani kanisani.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeangalia. Sikuondoa. Kuna vumbi huko angani mbele ya nyota yangu, limekula mwanga wake. Nyota iko palepale inapotakiwa kuwa. Mimi mtu wa Same, nafuta meza asubuhi na saa sita naweza kuandika jina juu yake kwa kidole, nimesahau vumbi.
Nimepanda mlima kwenda Myamba hivyohivyo. Sijasema.

Jumapili, 7 Septemba
Mchungaji kanisimamisha. Vigelegele. Mama, kitenge kipya, katoa sadaka ya tangawizi na jogoo wake mwekundu. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, Mzee Elieza kamnunua jogoo, akanirudishia.
"Kamleni na mama yako, mwanangu. Umetuheshimisha."
Nikasema asante. Asante! Jioni mama kamchinja, kanipa paja. Nimelila lote. Najichukia.

Jumatatu, 8 Septemba
Alfajiri, kabla ya gari la Same, nimemwambia mama jikoni. Alichochea moto muda mrefu.
"Mwalimu wako anajua?"
Bado, nikasema.
"Anza na huyo. Kanisani utasema mwenyewe. Mimi siwezi."
Nimemwandikia Dakta kila kitu, na ule uongo wa Ijumaa pia. Jibu lake neno moja: Rekebisha. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimerekebisha. Nyota imeingia mstarini na zile nyingine. Haina ajabu yoyote.

Jumapili, 14 Septemba
Wakati wa matangazo nimesimama. Nimesema nyota iko karibu kuliko nilivyodai, na kwamba Jumapili iliyopita nilikuwa najua. Mzee Elieza alitazama kofia yake mapajani.
Nilikuwa nimetoa jogoo, wa kununua sokoni Same, mweupe, mwembamba. Mnadani watu walisitasita. Mama ndiye aliyemnunua. Hakunirudishia. Alimtia kwapani akashika njia ya nyumbani, nami nikamfuata nyuma nimebeba Biblia yake.