Mume Ataka Kaburi Lionekane, Mke Hataki Kuliona

Bi Sumayya, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka, tena si uchovu wa mwili, kwa hiyo unisamehe nikirefusha. Naitwa Loise, nachora nyumba kwa kompyuta katika ofisi ndogo ya Bwana Donald hapa Voi, na majina ya wateja wangu nimeyabadilisha, maana aibu hii ilikuwa yao na sasa imekuwa yangu.

Kuna mzee, nimwite Elijah, amestaafu kazi ya reli, amepanga hapa mtaa wa Kaloleni na mkewe Tryphena, na wanataka kujenga kwenye shamba la mzee kule Mwatate, ambako alizikwa mke wake wa kwanza, na kaburi lenyewe halikujengewa, ni mawe tu na majani, asiyelijua atalikanyaga na kupita zake. Mpima ardhi alilionyesha kaburi hilo kwenye ramani yake, akatuletea ramani kwa disketi, nikaiingiza kwenye mchoro wa nyumba, na kitu kilichoingizwa hivyo, Bi Sumayya, mimi sikifuti kwa sababu ni kazi ya mtu mwingine, lakini programu inaniruhusu kuamua kionekane kwenye mwonekano gani na kifichwe kwenye upi, yaani shamba ni lile lile, ila unaweza kumfungulia huyu hivi na yule vile.

Taabu ilianza Mama Tryphena alipokuja peke yake. Hakutaka hata kutazama kioo cha kompyuta. Akageukia dirishani akasema, "Loise mwanangu, nasikia huyo mpima ameweka kaburi. Mimi siwezi kupika chai kila asubuhi nikiangaliana na mwenzangu. Itoe hiyo kitu kwanza, ndio nitaangalia." Nilimhurumia, nikaificha ramani yote ya mpima kwenye mwonekano wake, ikabaki nyumba peke yake. Akafurahi. Akasema mitungi ya maji imemmaliza mgongo, anataka tangi nyuma ya jiko, pale gata ya maji ya mvua inapoteremka, akaweka kidole kwenye kioo akaniuliza, "Hapa pako wazi, eh?" Nikamwambia pako wazi, maana kwenye kioo palikuwa wazi kweli, kila mahali palikuwa wazi. Nikatoa tangi kwenye disketi ya vitu vilivyochorwa tayari, nikalipachika, nikamchapishia nakala yake.

Mzee naye akaja siku yake, nami kwa haraka nikamfungulia mwonekano wa mkewe. Akautazama, akavua kofia, akaniuliza polepole, "Mama Lynn umempeleka wapi?" Ndiye huyo marehemu mkewe. Nikairudisha ramani ya mpima, na hapo ndipo nikaona tangi limekalia kaburi, nikashtuka, nikalizima tangi kabla hajaliona, akachukua nakala yake akaenda akinishukuru. Tangu hapo kila mmoja anakuja kwa siku yake, na mimi nawasha na kuzima, nazima na kuwasha, mpaka nikisikia mlango unafunguka mkono unaenda wenyewe kwenye kibodi.

Sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja wote wawili kuchukua mchoro kamili, na Jumatatu yake fundi Kituku, ambaye si mtu wa huku na hajui nani kazikwa wapi, anaanza kuchimba msingi wa tangi, naye ana nakala ya Mama Tryphena. Nilimweleza Bwana Donald, akanijibu, "Loise, sisi tunachora tu, hatuchimbi. Mpe kila mtu anachotaka kuona." Nimefikiria kusema naumwa hiyo Jumamosi. Nikisema ukweli, naogopa ndoa yao itavunjika mbele ya meza yangu, nikinyamaza, mama wa watu atafukuliwa. Nifanyeje?

Loise, Voi

BI SUMAYYA ANAJIBU

Marahaba, Loise. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine, kwa hiyo wenye kungoja mnivumilie. Pole, mwanangu. Naona umechoka kweli, kuishi katikati ya watu wawili ni kazi. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, funga ofisi uende ukamtafute Kituku. Usingoje Jumamosi. Ichukue ile nakala mkononi mwake umwambie kona ile hachimbi mtu. Bwana Donald akiuliza ulikuwa wapi, mwambie fundi anachimba anapoonyeshwa na karatasi, na karatasi ilitoka kwenu.

Kuumwa? Umwa Jumatatu ukipenda. Jumamosi nakutaka kazini.

Programu yako sina ugomvi nayo. Ukificha miti ili ukuta uonekane, hiyo ni kazi. Lakini mtu amekuuliza kwa mdomo wake kama pako wazi, nawe unajua umeficha nini, ukamwitikia. Huo ni uongo, Loise, hata kama kioo kilikuunga mkono. Na ulipoona tangi juu ya kaburi ukalizima, hukumwokoa mzee na uchungu. Ulimwahirishia tu.

Tena usimfanye Tryphena kuwa mtu mbaya. Hakukutuma ufukue mtu. Aliomba apike chai bila kuangaliana na mwenzake, na mgongo wake upumzike. Mimi ningeomba hayo hayo. Basi mchoree: dirisha la jiko lihamie ukuta mwingine, gata iteremkie kona ya pili, tangi liifuate huko. Hiyo ni kazi unayoiweza, na ungeifanya siku ile ile kama ungesema, "Mama, hapo hapana nafasi."

Wakija, mfungulie kila mmoja kila kitu. Kwanza mchoro kama ulivyo sasa, tangi juu ya kaburi, useme, "Nimewaficha ukweli nyote wawili, nisameheni." Waache watazame, usijaze maneno. Kisha uwaonyeshe ule mpya. Wakigombana, watagombana juu ya jambo moja wanaloliona wote, na hilo lina mwisho. Ndoa yao hukuifunga wewe, wala si wewe wa kuishikilia.

La mwisho. Barua yako nzima ni kaburi, kaburi. Mzee alikuuliza mara moja, na hakutaja kaburi, alitaja jina. Kama nimekuelewa, ukiizima ramani ya mpima, kila kilichomo kinapotea nayo. Basi jina usiliandike humo. Liandike kwenye mchoro wako mwenyewe, mahali pale pale, kwa herufi ambazo fundi mgeni atazisoma akiwa amesimama na jembe: Mama Lynn.