Lifti ya Pili

Nyumba za Watumishi, mlango wa 14,
Ghorofa ya pili.
Jumatatu, 17 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, niruhusu nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipanda ngazi za jengo la maktaba, ghorofa nne, kwa kuiogopa lifti yake. Sababu ya kuiogopa niliijua mimi peke yangu. Watu wengine niliwaacha wapande lifti.

Sasa salamu. Goti linaendeleaje? Baba Mkubwa bado anabishana na redio? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la vyumba vya mashine, na mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima. Mitihani nimemaliza. Hesabu sina uhakika nayo.

Unakumbuka likizo ile uliyonifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi, ukanifunika mikono kwa kitambaa cha meza nisichungulie? Ulisema ulichapa masjala miaka ishirini na sita kwa sheria moja tu: mchapaji hachapi asichokiona. Mwaka uliofuata mama alikagua lifti za majengo arobaini na moja, akaandika yote kwa penseli katika daftari lake, kisha akanipa nimchapie, kwa kuwa karani wa kitengo chao alikuwa ameshaondolewa. Niliona fahari kubwa. Niliweka kikombe cha chai karibu na daftari, nikawa nasoma kitabu changu katikati ya kazi, na kiwiko kikafanya yake. Ukurasa mmoja uligeuka tope. Jina la jengo lilisomeka, mengine hayakusomeka.

Mama alikuwa amelala na viatu miguuni. Sikutaka kumwamsha, na zaidi ya hapo sikutaka ajue. Nikachapa: "Lifti mbili. Breki nzuri." Asubuhi alisaini bila kurudia kusoma. Aliniamini.

Mwaka mmoja baadaye maktaba ilihamia jengo lile. Nilipokwenda kurudisha vitabu nilikuta lifti moja. Pale nilipotegemea kuona ya pili pana ukuta na ubao wa matangazo. Nikapanda ngazi, na nikaendelea kupanda ngazi. Mkutubi huniita Mbuzi wa Mlimani. Nilikuwa nacheka naye kisha nakwenda kukaa kwenye rafu za historia.

Sasa nikueleze habari za ofisini kwa mama, ndizo zilizoniumbua. Ile ni ofisi ya serikali, na kazi yake ni kuhakikisha lifti haziui watu. Siku hizi kazi zake nyingi inazinunua nje. Ilianza na kufagia, ikaja ulinzi, yakafuata magari, na sasa wamefika kwenye kufikiri. Mwaka jana mama aliomba kifaa cha kupimia unene wa kamba za chuma, akajibiwa fungu halipo. Hata tochi anatumia yetu ya nyumbani, kwa hiyo umeme ukikatika jioni inabidi tumsubiri arudi ndipo tuonane sura. Mwezi huo huo fungu lilipatikana la kampuni ya ushauri, itembelee majengo yote arobaini na moja na kushauri namna ya kuboresha ukaguzi.

Nimejitahidi kulitazama jambo hili bila hasira. Kununua kazi nje si kosa. Hakuna anayejinyoa kisogo mwenyewe. Lakini ukishanunua hata macho, utakikagua kwa macho yapi ulichonunua?

Mshauri aliyeletwa wanamwita Bwana Jalada, kwa kuwa kila alichokiandika kilikuwa na jalada gumu linalong'aa. Siku ripoti yake ilipotoka, mama alikuja nyumbani na Babu Breki, fundi mkongwe wa kitengo chao, aliyebakiza miezi saba kustaafu. Mimi nilikuwa kona na kitabu, kama kawaida.

"Alikaa mezani kwangu siku mbili," mama alisema. "Akaazima ripoti yangu ya zamani, akaazima na chaja."

"Chaja alirudisha?"

"Alirudisha."

"Basi nusu mwaminifu." Babu Breki alilipapasa jalada la ripoti kwa kidole gumba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, na wenyeji tunaandikiwa vyeti vya kifo."

Hakutia chumvi. Ripoti ilishauri kitengo cha ukaguzi kivunjwe, kazi ipewe kampuni ya nje, na wakaguzi wote tisa wapangiwe majukumu mengine. Mama alikuwa amepangiwa mapokezi.

"Nitawaelekeza wageni lifti ilipo," alisema, akacheka peke yake.

Wafanyakazi walipewa wiki moja kutoa maoni. Mama hakujua aandike nini. Ripoti ilikuwa nzuri, alisema, kila kitu kiko sahihi. Mimi nasoma hata maandishi ya pakiti za chumvi, kwa hiyo niliisoma yote. Ukurasa wa sitini na tatu, chini ya kichwa "Matokeo ya ziara zetu", mbele ya jengo la maktaba, palikuwa na maneno manne: "Lifti mbili. Breki nzuri."

Yalikuwa maneno yangu. Hakuna mtu duniani angeweza kuyapata kwa kulitembelea lile jengo.

Nilikaa nayo siku tatu. Nikisema, Bwana Jalada ameumbuka, na pamoja naye saini ya mama. Nikinyamaza, mama anakwenda mapokezi. Mficha uchi hazai, nimeliandika neno hilo kwenye insha zaidi ya mara moja bila kujua linavyouma. Siku ya nne nilimfuata jikoni nikamwambia.

Hakufoka. Aliuliza, "Daftari liko wapi?" Akalifungua kwenye ukurasa ule wenye doa la kahawia, akawasha tochi nyuma ya karatasi. Penseli ilionekana. Ilikuwapo siku zote, Mama Mkubwa, ilihitaji mwanga tu. Mama alisoma kwa sauti: "Lifti moja. Breki zimechakaa. Zibadilishwe haraka."

Kisha akakaa chini.

"Wenye majengo mabovu wote waliandikiwa barua," alisema. "Huyu hakuandikiwa."

Kesho yake asubuhi walikwenda na Babu Breki, wakaifunga lifti ile kwa mnyororo. Hakuna aliyeumia. Nilimwuliza Babu Breki ilikuwa imebakiza muda gani, akanijibu, "Mjukuu, maswali mengine usiyaulize ukiwa hujala."

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Mama aliwasilisha maoni yake, daftari, na karatasi yangu nilimoeleza nilivyofanya. Mkurugenzi akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Akaambiwa yuko mapokezi, anasoma. Nikaitwa. Sauti ilinitoka kama ya mtu aliyemo ndani ya debe, lakini nilisema: jengo lile lina lifti moja, ya pili niliitunga mimi.

Bwana Jalada alisema huenda vijana wake walihesabu na lifti ya mizigo.

"Ya mizigo iko wapi?" Babu Breki aliuliza. "Nyuma ya ubao wa matangazo?"

Mkurugenzi hakucheka. Alifunga ripoti na kusema, "Gari liko nje. Twende utuonyeshe." Bwana Jalada alianza kukusanya waya zake, polepole, moja moja, na hakuna aliyekwenda popote.

Malipo yake ya mwisho yamezuiwa. Kitengo hakivunjwi, kwanza wakaguzi wahesabu upya majengo yote wenyewe. Mama amepewa onyo la maandishi kwa kusaini asichosoma. Ameliweka kwenye droo ya vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kifaa cha kupimia kamba bado fungu halipo.

Nyumbani sasa kila mtu ananisifu, na hapo ndipo ninapokosa usingizi. Mama alimwambia Babu Breki mbele yangu, "Maskini, ameligundua juzi tu kwenye ripoti, akaja mbio kunieleza." Sikumsahihisha. Anajua habari ya chai na anajua nilitunga. Hajui kwamba miaka miwili nilipita mbele ya mlango ule wa chuma, nikaona wazee na watoto wakiingia, nikashika kishikio cha ngazi.

Nisalimie Baba Mkubwa, umwambie redio haiwezi kumsikia. Wasalimie binamu zangu wote, hasa yule mdogo anayejifunza kuchapa. Usimfunike mikono sana. Mama anakusalimu na anauliza kama zile dawa za goti zilifika. Mungu akuweke, akupe hatua nyepesi.

Nilitaka uniambie nifanye nini, lakini barua hukufikia baada ya wiki tatu, na jibu lako nalo wiki tatu. Kwa hiyo leo nimeuchapa upya ule ukurasa wa daftari, lifti moja na breki zimechakaa, nikauweka ndani ya bahasha hii uuone. Bahasha sijaifunga. Nimeiweka mezani pamoja na barua, wazi, chini ya tochi, ambayo leo mama ameiacha nyumbani. Amekwenda kuhesabu jengo la kwanza na atarudi saa kumi na moja. Kitabu nimekirudisha kwenye rafu. Nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Ni mimi, mchapaji wako, nikupendaye huku mbali.