Bega la Mtani

Kulwa, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako anapalilia karanga huku Ntalikwa; goti linamsumbua, ila hasikii la mtu. Picha yako ya besiboli tumeiona, umesimama peke yako kule nyuma ya uwanja. Mimi nami nilikuwa mtu wa pembeni, winga wa kushoto, miongoni mwa wa kwanza hapa Tabora kulipwa mshahara kwa kucheza mpira.

Umeuliza kwa nini niliacha mapema.

Tulicheza na timu ya Dodoma. Beki wao, Chilongani, alikuwa Mgogo, na Wagogo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi. Kila nikipokea mpira ananiambia, "Mnyamwezi, wewe ni wa kubeba mizigo. Mpira waachie wenye miguu." Mtani hakasirikiwi, hilo nililijua tangu utotoni. Nilikasirika. Nilimkanyaga kwa makusudi, mguu wake ukavunjika. Yeye hakucheza tena, nami jezi ikanishinda kuvaa.

Miaka ikapita, mama yangu akafariki. Siku ya mazishi Chilongani akashuka kwenye treni, anachechemea. Alinikuta nimebeba jeneza na wenzangu. Akanisogeza kando, akaingiza bega chini ya jeneza.

"Pisha, Mnyamwezi," akasema. "Leo mzigo nabeba mimi."

Watu walicheka, kama ilivyo desturi watani wakija msibani. Mimi ndipo machozi yakanitoka.

Babu yako