Sala Iliyoandikwa Kimya

Ofisi ya Wakili,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumamosi, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Je, goti limepoa, au bado linakutabiria mvua? Mimi ni mzima, ila usingizi ndio kwanza umenirudia wiki hii.

Unamkumbuka yule fundi cherehani niliyekuandikia habari zake, aliyeikimbia nchi yake kwa sababu dhehebu lake limepigwa marufuku? Ofisi ya wakimbizi ilimnyima hifadhi. Afisa alimtaka asali sala ya asubuhi ya dini yake, na kwenye kumbukumbu pakaandikwa: "Mwombaji alikaa kimya." Wakasema si muumini, arudishwe. Tukaiomba mahakama ipitie uamuzi huo. Katika mapitio hayo jaji hampi mtu hifadhi. Hutazama tu kama aliyemkatalia alimtendea haki.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa na kupanga kurasa. Lakini unanijua: ndimi niliyekuwa nikirudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa, mkaniita Bwana Komeo. Nikaisikiliza kanda yote ya mahojiano, kidole kikifuata karatasi neno kwa neno. Pale palipoandikwa kimya, hapakuwa na kimya. Palikuwa na mtu anaimba mdomo ukiwa umefumbwa, karibu dakika mbili.

Nikamwuliza fundi. Akanishangaa.

"Ndiyo sala yenyewe, kijana. Kwetu askari husikiliza madirishani. Ukifumbua mdomo, umewauza wenzako."

Mkalimani naye hakutafsiri kitu, maana hapakuwa na neno la kutafsiri.

Shangazi, nilikaa na habari hiyo toka asubuhi hadi saa ya chai. Kesi ilikuwa keshokutwa, nyaraka zimeshapelekwa, na mimi ni nani? Nilipomweleza Mama Wakili, alivua miwani.

"Wewe, ulikuwa unangoja apandishwe ndege ndipo uniambie? Keti, uandike kiapo."

Kiapo changu mwenyewe, cha kuieleza mahakama nilichosikia kwenye kanda. Nikaandika, nikatia saini.

Siku ya kesi kanda ikapigwa. Wakili wa serikali akasimama: "Mheshimiwa, huo ni mvumo wa feni."

Jaji akainamisha kichwa, akaisikiliza tena. "Feni ya ofisi yenu huvuta pumzi, wakili?"

Watu wakacheka. Mimi sikuthubutu.

Juzi hukumu ilisomwa. Uamuzi umefutwa; fundi asikilizwe upya na afisa mwingine, na asirudishwe kwao wakati akingoja. Safari haijaisha, lakini tumeshinda, na kiapo cha karani kimetajwa mara mbili.

Pale koridoni fundi alinishika bega, akaisali sala ile kwa maneno, mdomo wazi. Askari wa mahakama akamwomba apunguze sauti, kuna kesi chumba cha pili. Akapunguza kidogo, akaendelea. Mkewe alikuwa analia. Alisema tangu waoane hajawahi kuyasikia maneno ya sala hiyo kinywani mwa mumewe.

Nisalimie Mjomba, na Babu Redio, na yule binamu mtundu aliyenibandika jina. Mwambie safari hii komeo ndilo lililofungua mlango.

Mungu akulinde, na goti lako lisahau mvua.

Wako akupendaye, aliyeisoma barua hii mara tatu kabla ya kuifunga,

Mwanao,
Bwana Komeo