Mkwe Wangu Anasema Mimi Mwanga

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi kwa sababu Jumamosi imekaribia na usingizi sina. Mimi ni fundi katika maabara ya utafiti hapa Unguja, mwaka wa pili huu tunaunda mtambo pamoja na wataalamu wa kigeni, mtambo wenyewe unarusha vichembe vya umeme mbio mbio katikati ya safu mbili za sumaku, vinapita vikiyumba kushoto kulia, na katika kule kuyumba vinatoa mwanga, na sumaku zote mia na arobaini nimezipanga mimi kwa mikono yangu, na wiki ijayo ndiyo tunauwasha kwa mara ya kwanza.

Sasa baada ya Maulidi nilipeleka posa kwa Mwatum, binti wa Bi Mwanapili wa Kikwajuni, posa ikapokelewa, nikaitwa kunywa kahawa, na Bi Mwanapili akaniuliza, "Mwanangu, kazi yako hasa nini?" nami kwa furaha nikamjibu, "Mama, nnafanya kazi ya mwanga." Akaweka kikombe chini. Akauliza mwanga gani, nikamwambia huu wetu haujapata kuonekana, hata ukiwa mbele yako jicho haliuoni, na tunaufanyia kazi chumba cha giza, milango tumefunga, na kabla ya kuingia lazima tuvue. "Mvue!" Nikasema ndiyo mama, sote, hata mkubwa wetu. Mimi nilikusudia saa na mikanda, maana sumaku zinavuta chuma, lakini kabla sijafika hapo yeye keshaanza kusoma Ayatul Kursi na kunipulizia.

Kesho yake akaleta neno kwa mshenga, niache kazi au posa irudi. Nikaogopa, nikamwambia nshaacha, sasa nnauza kanga dukani kwa mjomba wangu, Mzee Pandu, Mlandege. Akafurahi sana! Mwatum alinitazama tu. Sasa Bi Mwanapili anasema Jumamosi anakuja dukani na shangazi zake Mwatum wanne kuchagua kanga za harusi, na anataka nimfunulie mwenyewe moja moja na kumsomea majina yake, nami kanga najua kuzianika tu. Je, nimwombe mjomba duka kwa siku moja, nijifanye mgonjwa, au niuache mtambo kweli, na wiki ijayo ndiyo tunauwasha?

Jina ninalo lakini lisitajwe. Jang'ombe.

Bi Mwatima anajibu:

Bwana Jina-Lisitajwe, hongera kwa kujificha. Mtambo ulioutaja Unguja nzima uko mmoja, mkweo umemtaja kwa jina na mtaa, duka umelitaja. Ilikuwa imebaki picha yako tu.

Pole, kwani kuitwa mwanga si jambo dogo, watu wamehamishwa mitaa kwa neno hilo. Lakini hebu nambie, Kiswahili umefundishwa na hao wageni? Mtoto wa Jang'ombe hujui kuwa mwanga ni ule wa taa, na mwanga ni yule mchawi wa makaburini? Neno nuru hukuliona? Unakaa mbele ya mama mkwe unamwambia mko gizani, milango mmefunga, mmevua, na mkubwa wenu yumo! Astaghfirullah! Ningekuwa mimi, kikombe kisingewekwa chini, kingekufuata wewe. Bi Mwanapili kakusomea Ayatul Kursi, mshukuru.

Hilo linatengenezeka. Mwombe mkubwa wako ruhusa, umpeleke mkweo mchana kweupe, milango wazi, na nguo zenu mwilini. Mpe sumaku moja aisogeze karibu na ufunguo wake aone. Akiuliza tena, mwambie kazi yako ni ya sumaku, na ukishasema hivyo nyamaza.

Lililo gumu ni hilo duka. Sumaku mia na arobaini umezipanga zikanyooka, uwongo mmoja umekushinda. Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia Mlandege. Ukiazima duka Jumamosi, Jumapili utaazima nini? Ukijifanya mgonjwa, shangazi wote wanne watakuja kukutazama na uji. Na kazi usiache, kwani mtu aachaye kazi ya halali kwa kuogopa kusema sentensi mbili ataacha mengi.

Tena umeandika kwamba Mwatum alikutazama tu, na hukujiuliza kwa nini. Juzi nimepokea barua ya msichana wa Kikwajuni. Habari ya wanga hakuniuliza, anasema alipoisikia alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alilia siku aliposikia habari ya duka, kwani alipita Mlandege mwenyewe na mwenye duka akamwambia hajamwona mpwawe tangu Sikukuu. Ameniuliza: mtu akinidanganya kabla ya nikaha, baada ya nikaha nimwamini kwa lipi?

Nimemjibu angoje mpaka Ijumaa baada ya Alasiri, na kama hujafika kumwambia kwa mdomo wako, posa airudishe yeye mwenyewe. Gazeti hili linatoka Alhamisi.