Miaka Kumi na Sita Golini kwa Jina Lako

Mdogo wangu Majaliwa,

Ninakuandikia kutoka Uvira, katika chumba nilichopanga huku Kalundu karibu na bandari. Nimekaa juu ya godoro kwa sababu kiti sina. Ndoo iko, jiko la makaa liko, glavu zangu zinaning'inia kwenye msumari, na ukutani hakuna picha ya mtu yeyote. Mchezaji wa kuhamahama hajifunzi kununua kiti. Anakinunua leo, msimu unaisha, anamwachia jirani.

Nianze na jambo lenyewe, maana weye hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Timu moja ya Kalemie inanitaka. Kipa wao wa kwanza ameumia goti, wanatafuta mtu mzima wa kukaa golini msimu mmoja. Wanasema Majaliwa ana miaka thelathini na tatu, na kwa kipa huo bado ni ujana. Nikitia sahihi, nitakuwa weye mwaka mmoja tena, na kaburi lako kule kijijini kwetu Makobola litabaki bila jina kama lilivyo. Nikikataa, unapata msalaba wako, na minye ninabaki mtu wa miaka thelathini na saba asiyejua kazi nyingine. Wamenipa hadi Jumamosi.

Unakumbuka goli letu pale Makobola? Mitumbwi miwili iliyovutwa mchangani ndiyo ilikuwa milingoti, na nyuma yake ziwa. Sheria ilikuwa moja: kipa akifungwa, yeye mwenyewe anaingia majini kuufuata mpira. Na mpira wenyewe ni mifuko ya plastiki na kamba ya nyavu, ukilowa unakuwa mzito kama bonge la bugali, na weye hukungoja ukauke. Mguu wako wa kushoto ulinitesa. Nimeliogelea lile ziwa kwa mabao yako zaidi ya kwa kuoga. Siku moja nilikasirika, nikakaa majini nikakataa kutoka. Ukaja hadi maji yakakufika magotini, ukanicheka, kisha ukaniambia kitu ambacho hakuna kocha aliyewahi kunipa kizuri kuliko hicho: "Kaka, weye unaangaliaka mupira. Achana na mupira, angalia kiuno. Mupira unadanganyaka, kiuno hakidanganyake." Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikurushia maji usoni kwa sababu niliona ni kweli.

Halafu ikaja ile homa. Jumatatu ulilalamika kichwa, Jumanne ukakataa chakula, Jumatano tukakupandisha pikipiki kuja Uvira, dereva mbele, weye katikati, minye nyuma nimekushika kifuani. Ulikuwa unatetemeka kwa baridi kwenye jua la saa sita. Nilikuvalisha jezi yangu ya kipa, ile ya mikono mirefu, nawe ukasema kwa sauti ndogo, "Sasa minye ndiye nitafungwa." Ndivyo ulivyokuwa, mgonjwa na mzaha bado uko. Alhamisi asubuhi ulitutoka. Ulikuwa na miaka kumi na saba.

Yanayofuata huyajui, kwa hiyo nikueleze taratibu. Miezi miwili baadaye alifika mzee mmoja kutoka Bujumbura, mtu wa kutafuta wachezaji. Alinitazama nikidaka kwenye uwanja wa hapa mjini, akaniita pembeni, akanishika mabega kama mtu anayenunua mbuzi. "Una miaka ngapi?" Nikamwambia ishirini na moja. Akaniachia. "Basi weye ni muzee. Kule wanataka watoto wa kumi na saba." Akauliza kama nina mdogo wangu wa kiume. Nikasema nilikuwa naye, tumemzika. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema, "Na karatasi zake ziko wapi?"

Mchezo huo hapa kwetu nani asiyeujua. Mchezaji ana umri wa nyumbani na umri wa mpira. Mmoja anakata miaka miwili, mwingine mitatu, ofisini wanamwandikia upya. Lakini kuandikiwa upya kunachukua muda, na cheti chako cha kuzaliwa kilikuwa tayari, safi, ndani ya sanduku la mama, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na matokeo yako ya shule. Nikamwomba. Mama hakulia. Alikiweka magotini, akakinyoosha kwa kiganja mara nyingi ingawa hakikuwa kimekunjika. "Chukua," akasema. "Lakini jina ni la mutoto wangu. Utalirudisha." Nikamjibu: msimu mmoja tu, mama.

Hapo ndipo tulipokosea, yeye na minye. Yule mzee alikuwa ametuambia kwamba wakubwa wa mpira wakati mwingine wanatuma watu vijijini kuulizauliza. Sasa nani angevuka mpaka, apite Uvira yote, aje Makobola kusoma makaburi? Leo ninacheka. Siku ile tuliogopa. Msalaba wako wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe, jina na tarehe mbili. Asubuhi ya safari yangu mama alitoka mapema na kisu cha kuparia samaki. Aliporudi alinimiminia chai, nikaona rangi nyeupe chini ya kucha zake. Aliniambia tu, "Imekwisha. Enda."

Basi nikaenda, na weye ukaenda nami. Bujumbura misimu mitatu. Kigoma miwili. Kisha Kindu, Kolwezi, Lubumbashi, Kindu tena, Lubumbashi tena, na mahali pengine ambapo sikukaa hata kumaliza sabuni. Usifikiri ni mambo makubwa. Karibu kila mahali nilikuwa kipa wa pili. Kazi ya kipa wa pili ni kumpasha mwenzake moto kabla ya mechi, kisha kukaa benchi na koti, unamwomba Mungu mwenzako asiumie, na moyo wako unataka aumie kidogo. Watu wananiita Maja. Wananizoea, tunakula sahani moja, msimu unaisha, kila mtu anabeba begi lake. Nimelala chumba kimoja na wanaume wengi sana, ndugu yangu, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu.

Siku ya kuzaliwa kwako ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Unaijua desturi: mwenye siku yake anaviziwa na ndoo ya maji. Kila timu waliisoma kwenye faili, na kila mwaka baada ya mazoezi walinilowesha, wakanipaka unga, wakaimba. Nilicheka nao. Nililia pia, lakini mtu aliyelowa namna ile, nani atajua. Siku yangu mwenyewe ilipita kimya, isipokuwa simu moja kutoka Makobola. "Sadiki," mama anasema. Kwa mwaka mzima ndiye peke yake aliyekuwa akiniita hivyo.

Kindu kulikuwa na mwanamke, Faida. Mwanamke mtulivu, mcheshi, tungezeeka naye. Siku moja alimsikia mama kwenye simu. "Sadiki ni nani?" Nikamwambia ni jina la nyumbani. Alilipenda. Akaanza kuniita hivyo jikoni, taratibu, na minye nikawa ninayeyuka. Halafu akaja uwanjani siku ya mazoezi, akaniita Sadiki mbele ya kocha na wachezaji wote. Nilimkemea kama mwizi. Nilimwambia maneno ambayo sitakuandikia. Wiki ile ile alibeba vitu vyake. Aliondoka bila kujua alikosa nini, nami sikumweleza, maana kumweleza kulitaka nikutaje weye.

Kitu kimoja kizuri nikupe. Ni huko huko Kindu, kipa wa kwanza alikuwa na malaria, mechi ya mwisho ya msimu, na dakika za mwisho wakapata penalti. Yule mpigaji alikuwa anapepesa macho kushoto na kulia. Sikumwangalia macho wala mpira. Kiuno chake kilikwenda kulia, minye nikawa nimeshafika. Uwanja mzima ukasimama: Ma-ja-li-wa, Ma-ja-li-wa. Nilibaki nimelala kifudifudi na mpira kifuani muda mrefu, mwamuzi akadhani nimeumia. Nilipompigia mama aliniuliza, "Wanaimba nani?" Nikamwambia. Hakukata simu. Tulikaa hivyo.

Na kila msimu ulipoisha aliuliza, "Utalirudisha lini?" Nami nilikuwa na jibu lile lile: huu ndio wa mwisho, mama.

Mwaka jana mama alifariki. Nilikuwa Lubumbashi, kwenye benchi. Nilipofika Makobola walikuwa wameshamzika tangu siku mbili. Nilikaa kwenye kilio na wanaume, macho kwenye mchanga, nikasikia sauti ya mwanamke inaita mtu. Inaita, inaita. Mwisho Shangazi Mwamini akanijia mbele ya uso. "Sadiki, tangu lini umekuwa kiziwi?" Sikuwa kiziwi. Sikujua kama ni minye ninayeitwa.

Walimlaza mama karibu yako. Kaburi lake lina msalaba, lina jina. Msalaba wako ni mbao nyeusi iliyoparuzwa, imeinama. Vijana waliochimba waliuliza, "Na hapa ni nani?" Wakubwa wakatazamana. Mtu mmoja akasema, ni mutoto wake fulani, alikufa zamani. Nilikuwa nimesimama pale pale, Majaliwa. Sikusema kitu.

*

Niliiacha barua hapo. Leo ni Jumanne ya wiki nyingine, nimerudi kuimaliza.

Jumamosi katibu wa ile timu alipiga simu. "Majaliwa, tukutafutie nafasi kwenye meli?" Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Yalitoka haya tu: "Majaliwa alishakufa." Akacheka. "Acha mizaha, kipa." Nikamweleza yote, minye ni Sadiki, Majaliwa ni mdogo wangu, karatasi ni zake. Nilijua atanitukana, na ningepokea. Lakini ni mtu wa kwetu, amelelewa, mbele ya kifo kwanza ni pole. "Pole sana, ndugu," akasema. "Alikufa lini?"

Nikamtajia mwaka tu.

Mwaka ninaujua. Najua ilikuwa Alhamisi, najua ilikuwa wakati wa mvua na mto ulikuwa umejaa, najua jezi uliyovaa. Tarehe siijui. Ile ya kuzaliwa kwako nimeiandika kwenye kila kontra ya timu, kila mpaka, kila daftari la hoteli. Niamshe usingizini, nitakutajia. Ya kufa kwako sijaiandika hata mara moja. Miaka kumi na sita nilihangaika mtu asiijue, mpaka nami nikawa mmoja wa hao.

Nikapanda pikipiki kwenda Makobola. Shangazi Mwamini alikuwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo. Alifikiri sana, maskini, hadi akaacha kazi na kukaa chini. "Hayo mambo mama yenu ndiye alikuwa anayachunga," akasema. Nikamfuata katekista. Daftari lake la mazishi la miaka ile lilikwenda na maji, ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mwake. Nikauliza majirani, mmoja akasema ni kabla ya Pasaka, mwingine akasema ni baada ya Krismasi. Mama alikuwa nayo. Miaka yote hiyo alikuwa nayo kichwani, nami nilikuwa ninampigia simu na kumweleza habari za mpira.

Hasira ninayo, usifikiri sina. Ninamkasirikia yule mzee wa Bujumbura, halafu ninakumbuka kwamba aliuliza tu, ni minye niliyefungua sanduku. Mpira umekwisha. Sadiki hajacheza hata mechi moja maishani mwake, hana timu, hana picha, mtu wa kumpa kazi atamuuliza alikuwa wapi miaka yote hii. Asubuhi ninaamka saa ya mazoezi, ninavaa viatu, kisha ninavivua. Siku nzima inaweza kupita bila mtu kunisemesha zaidi ya yule anayeniuzia makaa. Nilifikiri nikikurudishia jina nitapata langu. Sijalipata bado. Ninajiita mwenyewe kwa sauti humu chumbani, nijizoeze, na ninaona aibu.

Jana tulikwenda na fundi wa saruji kutoka Mulongwe. Alikuja na mchanga wake, akamimina msalaba mzuri, mnene, kisha akachukua msumari kuandika saruji ikiwa bado mbichi. Jina lako nilimwambia herufi kwa herufi. Alizaliwa lini, nikamtajia bila kupumua. Akaandika, akahama upande wa pili, akaningoja na msumari mkononi. Saruji haingoji sana. Nikamwambia aache.

Uko hapo sasa, kando ya mama, jina lako zima na siku uliyozaliwa, na baada yake saruji laini isiyo na kitu. Watakaopita watafikiri fundi alichoka. Nisamehe, mdogo wangu. Sina tena mtu wa kumuuliza.

Mukubwa wako,
Sadiki