Ukurasa wa Themanini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepata nafuu, maana kupiga magoti kutwa nzima ukipanga marumaru si mchezo. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama umepona. Sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta, na kila akifika juu anatutangazia. Anasema ukikaribishwa chakula ule, usijifanye umeshiba.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanijua: nikiulizwa habari nasema nzuri, na maneno yanaishia hapo. Hili nataka ulisome hadi mwisho.

Kazini naendelea vizuri. Nilipokwambia nimepata kazi ya kujalidi vitabu ulicheka, ukasema nivisalimie, wewe na vitabu mlishaachana. Nami nilicheka, lakini si kwa moyo. Fundi wetu tunamwita Mzee Gundi, ila si mbele yake. Amenifundisha kufumua kitabu kilichochakaa, kupanga kurasa, kuzishona kwa uzi uliopakwa nta na kukivisha jalada jipya. Anasema nina mikono myepesi na mdomo wenye kufuli, na kazi hii haitaki zaidi ya hapo.

Wiki mbili zilizopita maktaba ya mtaani kwetu ilileta boksi la vitabu vya watoto. Cha tatu kutoka juu kilikuwa kile chetu, kaka. Kile cha binti wa fundi saa. Jalada la kijani limebaki nusu, lakini nilikijua kabla sijakigeuza, kama mtu anavyomjua ndugu yake kwa kisogo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisomea? Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi minane, nasoma kwa kukwama. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, ukimwigiza yule mwenye nyumba mkorofi wa kitabuni kwa sauti ya puani, hadi mama akauliza huko nje tumeleta mgeni gani. Ulimaliza vitabu vyote vya mwandishi yule. Ulisema utaandika kama yeye, na mtaa mzima ukakuita Profesa. Mimi nilimpenda yule binti kwa sababu alikuwa kama mimi, akisemeshwa anaangalia vidole vya miguu. Kisha ukafika ukurasa wa themanini na moja, pale baba yake anaposingiziwa wizi, na binti anasimama mbele ya watu wote na kusema alichokiona. Nilikuomba uurudie mara tano. Ulinung'unika, lakini ukaurudia.

Mpaka leo mtu mkorofi akinifokea namsikia kwa sauti yako ya puani. Nikiingia penye watu wengi natafuta saa ya ukutani na kuhesabu midundo yake, kama alivyofanya yule binti.

Basi, Mzee Gundi alipohesabu kurasa akakuta karatasi moja haipo. Inatoka themanini inaruka hadi themanini na tatu. Akasonya, akasema watoto wengine ni panya waliovaa viatu. Maktaba haina nakala nyingine, kwa hiyo akaniagiza nishone karatasi tupu pale, atakayesoma ajionee mwenyewe pengo.

Sikushona karatasi tupu. Kesho yake nilikuja na ukurasa wenyewe. Mzee Gundi aliugundua mara moja, maana kurasa nyingine zina rangi ya chai na alama za vidole, na ule ulikuwa na mikunjo minne. Akauliza umetoka wapi. Nikamwambia nimeuokota chini ya boksi. Akawaita wenzangu, akawaambia waone macho ya kazi, wao wangeufagia pamoja na takataka. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaka, ukurasa ule niliuchana mimi.

Siku moja nilitakiwa kusoma mbele ya darasa. Niliona kama nitakuwa nao mfukoni nitaweza kusimama kama yule binti. Nikauchana asubuhi ulipokuwa unaoga. Na kweli niliweza, mwalimu akanisifu. Jumamosi tulirudisha kitabu pamoja, na mama wa maktaba akakikagua palepale. Alichokwambia mbele ya foleni unakikumbuka kuliko mimi. Alikuita mwizi wa kurasa, akalipiga jina lako mstari mwekundu, akachukua kadi yako. Uliapa hujui. Ukanigeukia, ukaniuliza kama nimeona chochote. Nikatikisa kichwa kukataa. Na mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeushika ukurasa ule ule.

Tangu siku hiyo hukunisomea tena, wala sijakuona ukishika kitabu. Aliyekuita Profesa ulimrushia chochote kilicho karibu. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Nimemaliza shule sijakwambia, na kila insha yangu iliyosifiwa ilitokana na niliyojifunza kinywani mwako.

Jana nilimweleza Mzee Gundi ukweli. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka, akasema kitabu hicho nitakipeleka mwenyewe. Mama wa maktaba ni yule yule. Nitakwenda Jumamosi wakati wa foleni, si asubuhi kabla watu hawajafika, nami nitamwambia alifuta jina lisilohusika. Safari hii sitakuwa na cha kushika mfukoni. Ukurasa nimeshaushona.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani, kwa hiyo sijaomba bado. Nimekunakilia ukurasa huo kwa mkono, uko nyuma ya barua hii. Ukiona vyema usome. Ukitaka kuuchana, huo ni wako, uchane.

Mama anakusalimu tena, ingawa hajui ninachoandika. Naye nitamwambia. Jikinge na baridi ya sakafu, na uweke gunia chini ya magoti.

Ni mimi mdogo wako,
aliyetikisa kichwa.